Chumba cha bati, prosesa nyuzi 90: je, kipozeo cha maji ndiyo dawa?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Nyakato, Mwanza, nimepanga chumba kimoja cha bati, hakina dari. Nina kompyuta ya gemu niliyoijenga mwenyewe kwa kuungaunga: prosesa ni Ryzen 5 5600 na kipozeo kilekile kilichokuja nayo kwenye boksi, kadi ya picha ni RTX 3060, kasha lina kioo mbele na taa za rangi. Usiku inacheza vizuri. Mchana kuanzia saa nane prosesa inafika nyuzi 89 hadi 90, feni inalia kama jenereta na gemu linaanza kukwamakwama. Kuna jamaa mjini anauza kipozeo cha maji cha feni mbili, kimetumika, anataka laki mbili na nusu. Rafiki yangu anasema tuunde wenyewe kwa rejeta ya pikipiki na pampu ya tangi la samaki, maji si tunayo, ziwa lipo hapo. Mama mmoja mwenye duka la kompyuta naye kaniambia kanda ya ziwa hewa ina unyevu, maji yatatonesha ndani ya mashine niunguze kila kitu. Nimsikilize nani? Na hizo nyuzi 90 zinaua mashine?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima raha. Hapana, nyuzi 90 haziui mashine yako. AMD, kampuni iliyoitengeneza, wameiwekea Ryzen 5 5600 kikomo cha nyuzi 90, na prosesa yenyewe, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, inakijua kikomo chake. Ikikikaribia inajipunguzia mwendo ili itoe joto kidogo. Kule kukwamakwama unakokuona saa nane mchana ndiyo huko kujipunguza. Ingeendelea kupanda licha ya hapo, ingejizima yenyewe kabla ya kuungua. Kwa hiyo unachopoteza mchana ni kasi na utulivu wa masikio. Mashine bado unayo.

Sasa tuje kwenye maji. Fedha yako inaweza kupotea kwa sababu ya jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: maji hayaondoi joto duniani. Yanalihamisha tu. Kipozeo cha maji kina kibamba cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, pampu ndogo, mipira miwili ya kupitishia maji, na rejeta yenye feni. Maji yanapita kwenye kibamba, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta, na pale feni zinalipulizia kwenye hewa. Hewa ipi? Hewa ya chumba chako. Cha bati. Saa nane mchana.

Kila kipozeo, kiwe cha maji au cha hewa, hakishushi prosesa hadi namba fulani maalumu. Kinachofanya ni kuiweka juu ya joto la chumba kwa tofauti fulani. Tuseme usiku chumba chako kina nyuzi 24 na prosesa inasoma 80, tofauti ni 56. Mchana bati likipata moto chumba kinafika 34. Ongeza 56, unapata 90, yaani umegota kwenye kikomo. Kipozeo hakijaharibika, ni kilekile cha jana usiku, ila sakafu kilichosimamia imepanda nyuzi kumi. Ndiyo maana video unazotazama zinakupotosha bila kukusudia. Wale jamaa wanapima ndani ya chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 21 au 22, halafu wewe unalinganisha na Nyakato.

Tena huku kwetu kuna jambo lingine dogo. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaoishi kandokando yake tuko hapohapo au juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Feni yako inazunguka kwa kasi ileile, inasukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ya kubeba joto imepungua. Si jambo la kukufanya uhame, ila ujue kwamba kipozeo cha maji hakiponi nalo, kwa kuwa nacho mwisho wake ni feni na hewa.

Utaniuliza, basi kwa nini watu wanatumia maji? Kwa sababu maji ni mchukuzi hodari mno. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa. Ukiwa na joto jingi linalotoka sehemu moja ndogo, maji yanakuwezesha kulipeleka mbali, kwenye rejeta pana yenye feni mbili au tatu. Hapo yana thamani yake.

Ila tazama barabarani. Bodaboda inayotoka Buhongwa kwenda mjini asubuhi mpaka jioni, abiria wawili na gunia la mkaa, haina tone la maji kwenye injini. Ina mapezi ya chuma yanayopigwa na upepo, basi. Fuso linalopanda mlima na tani za dagaa haliwezi hivyo, lazima liwe na rejeta. Prosesa yako ni bodaboda. Bila kuongezewa chochote inatumia wati 76 ikifanya kazi kwa nguvu zote, na kwenye gemu mara nyingi haifiki hapo. Core i9-14900K, prosesa kubwa ya Intel, inaruhusiwa kula wati 253, hilo ndilo Fuso. Sijawahi kuona mtu akifunga rejeta ya Fuso kwenye Boxer, ila kwenye kompyuta nakutana nayo kila mwezi.

Na kuna sababu ya ndani zaidi inayofanya maji yasikusaidie sana wewe. Sehemu kubwa ya joto la prosesa yako inazaliwa kwenye kipande cha silikoni cha takriban milimita za mraba 80, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kabla halijafika kwenye kipozeo chochote, joto hilo lazima litoke kwenye kipande hicho, lipite kwenye kifuniko cha chuma, kisha lipite kwenye pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo. Foleni iko hapo. Ni kama watu wanaotoka uwanjani kwa mlango mmoja mwembamba: nje unaweza kuegesha mabasi ishirini au mia, mlango ni uleule. Kwa prosesa ya aina yako, ukifunga mfumo wa maji, maji yenyewe yatakuwa yamezidi hewa ya chumba kwa nyuzi chache tu huku prosesa ikiwa bado juu sana. Yaani maji yanasubiri joto ambalo bado liko mlangoni.

Kwa uzoefu wangu, ukitoka kwenye kile kipozeo kidogo cha boksi ukaenda kwenye mnara wa hewa wa kawaida wenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120, unashusha nyuzi 10 hadi 15 kwenye prosesa kama hii. Ukitoka kwenye mnara huo ukaenda kwenye maji ya feni mbili, unaongeza mbili, tatu, ukibahatika tano. Mnara mpya wa namna hiyo kwa kawaida haufiki laki mbili na nusu zako.

Halafu kitu kinachonifurahisha kila ninapokieleza: mnara wa hewa nao unatumia maji. Ile mirija ya shaba si mitupu. Ndani mna maji kidogo, hewa imenyonywa, na kwa kuwa hakuna mgandamizo maji yanachemka kwa joto dogo tu. Yanageuka mvuke upande wa prosesa, mvuke unakimbilia juu kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, yanateremka kupitia utando wa shaba uliogandamizwa kwenye kuta za ndani. Hakuna pampu, hakuna mpira wa kupasuka. Ni maji yale uliyokuwa unayatafuta, yameshafungwa kiwandani.

Sasa washauri wako watatu, mmoja mmoja.

Mama wa dukani kakosea sababu. Unyevu hugeuka matone juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho mezani. Maji ya kipozeo hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, daima yako juu yake kidogo, kwa hiyo hakuna jasho, hata iwe Machi na mvua inanyesha. Ungeweka barafu au friji kwenye mfumo, hapo angekuwa sahihi. Kuvuja ni jambo jingine. Kunatokea, ingawa kwa vipozeo vilivyofungwa kiwandani ni kwa nadra.

Rafiki yako wa rejeta ya pikipiki mpende, ila usimfuate. Kwanza bodaboda karibu zote mtaani hazina rejeta, atalazimika kuitafuta kwenye pikipiki kubwa, na rejeta hizo ni za alumini. Kibamba cha prosesa ni cha shaba. Ukiunganisha shaba na alumini ndani ya maji yaleyale, alumini inaliwa polepole, na unga wake unakwenda kuziba vijia vyembamba vya kibamba. Maji ya ziwa ndiyo usiyaguse kabisa: yana madini na mbegu za ukungu wa kijani, na ndani ya mipira yenye joto na taa za rangi utakuwa umefungua shamba. Wanaojenga mifumo hii kwa mikono wanatumia maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu, wanayabadilisha kila baada ya muda, na wanatumia fedha nyingi kuliko bei ya prosesa yako. Kuhusu pampu ya samaki inayochomekwa ukutani moja kwa moja ndani ya kasha lenye vyuma, naomba tusiendelee.

Jamaa wa laki mbili na nusu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, kwa sababu kitu chake kinaonekana kizuri. Kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani kina umri. Maji hupungua kidogokidogo kwa kupenya kwenye mipira yenyewe, bila tone kuonekana, na pampu inachakaa. Miaka mitano, sita, saba, hapo katikati ndipo vingi vinapochoka. Cha mtumba huujui umri wake, na huwezi kukifungua ukatazama. Mimi mwenyewe niliwahi kununua cha namna hiyo nikiwa na akili zangu timamu. Nilipokiwasha kililia glugluglu kama mtungi unaojazwa, nikasema ni hewa tu itatulia. Ilitulia wiki mbili, siku moja nikiwa katikati ya mechi mashine ikazima. Pampu ilikuwa imekufa. Na hapa ndipo mnara unapokizidi kipozeo cha maji: feni ya mnara ikifa, chuma bado kinatoa joto kidogo na unaweza kumalizia kuandika barua yako. Pampu ikifa, maji yanasimama na prosesa inapanda hadi kikomo mara moja. Feni ya milimita 120 unaipata dukani mjini leo hii. Pampu ya kipozeo kile huipati, unatupa chote.

Basi ufanye nini? Nisingekuambia ununue hata huo mnara kabla hujafanya mambo ya bure.

Fungua ubavu wa kasha, ucheze gemu lilelile nusu saa mchana, utazame namba. Zikishuka nyuzi tano au zaidi, tatizo kubwa si kipozeo, ni kasha lako kutopumua. Umesema lina kioo mbele. Makasha hayo yanapendeza, lakini feni za mbele zinavuta hewa kupitia mwanya mwembamba kama wa sanduku la posta. Chomoa kile kioo au kiachie nafasi kwa kukiinua na vipande vya mpira. Na hakikisha feni za mbele zinaingiza na ya nyuma inatoa, maana nimeshakuta mashine ambayo feni zote tatu zinatoa na mwenyewe anashangaa.

Halafu vumbi, na wadudu. Mwaka jana nililetewa mashine kutoka Kirumba, inazima kila jioni, mwenyewe alishanunua pawasaplai mpya akidhani ni umeme. Nilipotoa feni ya kipozeo sikuona mapezi. Niliona kitu kama blanketi la kijivu, na nilipolivuta kwa kibano likatoka zima, limeshika umbo la mapezi. Nusu yake ilikuwa vumbi, nusu ni wale vijidudu vinavyoinuka ziwani kama moshi. Vinafuata mwanga. Wewe unacheza usiku, umezima taa ya chumba, dirisha wazi, na kasha lako linawaka rangi saba: umeweka karabai, na feni ndizo nyavu. Yule bwana sikumuuzia kitu. Nilisafisha, nikabadilisha pesti, nikamwambia azime zile taa au aweke wavu dirishani.

Ukisafisha, tumia brashi laini na kipulizio, na ushike feni kwa kidole isizunguke. Usiipeleke kwa fundi matairi akaipige upepo wa kompresa. Tangi lile lina maji na mafuta ndani yake, na nguvu yake inang'oa mapezi ya feni.

Kadi yako ya picha nayo usiisahau. RTX 3060 inatumia wati 170, zaidi ya mara mbili ya prosesa, na kipozeo cha maji cha prosesa hakiigusi. Jumla mashine yako ikicheza inamwaga kama wati 300 chumbani. Binadamu aliyekaa anatoa takriban wati 100, kwa hiyo kila ukiwasha gemu ni kama umekaribisha wageni watatu ndani ya chumba kimoja cha bati. Kwa sababu hiyo njia ya bei rahisi kuliko zote ni kupunguza joto linalozaliwa. Kama skrini yako ni ya hezi 60, yaani inaonyesha fremu (picha) 60 kwa sekunde, na kadi inatengeneza fremu 130 kwa sekunde, sabini hizo huzioni, unazilipia tu kwa luku na jasho. Weka kikomo cha fremu 60 kwenye mipangilio ya gemu. Kisha ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine inapowaka, utazame kama mazabodi (bodi kuu) haijawasha kitu kinachoitwa PBO, kinachoruhusu prosesa kula zaidi ya zile wati 76. Kizime, na ukitaka washa Eco Mode, hali ya kutumia umeme kidogo. Kwenye gemu utapoteza fremu chache ambazo pengine hutazitambua.

Na chumba chenyewe: hata dari ya bei nafuu, au feni ya dirishani inayotoa hewa moto nje kuanzia saa saba, ukishusha chumba kwa nyuzi nne umeshusha prosesa kwa nyuzi nne. Hizo ni karibu sawa na zile ambazo maji yangekuongezea juu ya mnara, na nawe mwenyewe utalala vizuri.

Baada ya hayo yote, kama namba bado hazikuridhishi, nunua mnara. Pima kwanza upana wa kasha, kwa kuwa minara mingi ina kimo cha milimita 150 hadi 160. Kwenye kung'oa kipozeo cha zamani kuna mtego: prosesa za soketi ya AM4, kama yako, zina pini chini yake, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipozeo, pini zikapinda. Washa mashine icheze dakika kumi pesti ilainike, izime, chomoa waya ukutani, legeza skrubu, kisha zungusha kipozeo kushoto na kulia taratibu kama unafungua chupa iliyokaza. Kikianza kuteleza ndipo uinue. Sahani ya chuma iliyo nyuma ya mazabodi itaachia ukishafungua skrubu, ishike kwa mkono. Na kwenye mnara mpya kuna karatasi ya plastiki chini ya kibamba. Iondoe. Usicheke, nimeikuta mara nyingi.

Maji yana watu wake. Anayehariri video au kuchora michoro ya majengo kwa muda wa saa nane kila siku na prosesa ya wati 200 na kitu, ninamfungia bila kusita, kipya, chenye dhamana, na rejeta ikiwa juu ili hewa isikusanyike kwenye pampu. Mwenye kasha dogo lisiloingia mnara, naye sawa. Anayeibeba mashine yake kwenye bodaboda kwenda mashindanoni pia ana hoja, mnara mkubwa unaweza kufika zaidi ya kilo moja na kila shimo la barabarani linaupigisha kwenye mazabodi. Na kama unapenda tu urembo wake, sema unapenda urembo, hakuna dhambi. Ila hiyo ni bajeti ya urembo.

Kuna mambo matatu ambayo usijaribu mwenyewe, tafuta fundi aitazame kwa macho. Mashine ikizima ghafla huku prosesa iko chini ya nyuzi 80, hilo si joto la prosesa, huenda ni pawasaplai. Ukisikia harufu ya kuungua, zima ukutani na usiiwashe tena "kujaribu". Na kama ukiligusa kasha bila viatu linakutekenya mkono, nyumba hiyo pengine haina waya wa ardhi kwenye soketi. Hapo mwite fundi umeme kabla ya fundi kompyuta, na mwenye nyumba aambiwe.

Kesho saa nane weka kipimajoto mezani karibu na mashine, hata kile cha elfu chache cha dukani, usome namba ya chumba na namba ya prosesa kwa wakati mmoja, kioo cha mbele kikiwepo na kikiwa kimetolewa. Niandikie namba hizo nne, pamoja na picha ya ndani ya kasha kabla hujachomoa waya wowote.